Turbo ya Mzee Ongeri

Mkitaka kujua Manasseh alikuwa mtu wa namna gani, hamkufanya vizuri kuja kwangu. Mimi nilimwonea wivu miaka sita mizima. Lakini mimi, Omwenga, ndiye niliyemfundisha kushika spana, kwa hiyo sikilizeni, na mnivumilie nikisema kwa uchungu.

Alikuja kwenye gereji ya Bwana Haresh pale Kisii mwaka wa 1972, akitoka Sironga, mwembamba, hajui tofauti ya pistoni na sufuria. Nikamfundisha kila kitu. Baada ya miaka mitatu wateja wakawa wanaingia getini wakiuliza kama Manasseh yuko, nami nimesimama pale pale mbele yao na ovaroli yangu. Akina mama wa sokoni walimletea ndizi. Hata mke wangu Eucabeth alinisimulia jioni moja jinsi Manasseh alivyomsalimia vizuri, na chakula kikanishinda. Roho iliniuma, sitaficha.

Mwaka wa 1978 Bwana Haresh alitutangazia kwamba anahamia Kisumu kufungua duka la vipuri, na mmoja wetu ataachiwa gereji kama fundi mkuu. Ufunguo wa gereji ile nilikuwa nimeungoja miaka kumi na minne.

Wiki hiyo hiyo akaingia Mzee Ongeri, mwinjilisti wa vitabu, aliyezunguka masoko yote ya Gusii akiuza Biblia na vitabu vya nyimbo. Gari lake ndilo lililokuwa nyumba yake: kitanda nyuma, jiko la mafuta ya taa, rafu za vitabu, na pazia alilolishona mkewe Drusilla. Injini ya petroli ilikuwa imechoka, na petroli yenyewe imepanda bei, kwa hiyo alitaka tumwekee ya dizeli. Bwana Haresh alikuwa nazo mbili stoo. Moja ilitoka kwenye teksi iliyopinduka, dizeli ya kawaida, nzito mlimani lakini haina maringo. Ya pili ilitoka kwenye mashine ya wajenzi wa barabara, nayo ilikuwa na turbo, kile kifaa cha kuisukumia injini hewa ili ipate nguvu. Bwana Haresh akasema kila fundi aitetee moja, mteja achague mwenyewe. Hakusema ni mtihani, lakini tulijua.

Nikaitetea ile ya teksi. Niliyoyasema yalikuwa ya kweli, ila niliyasema kwa sauti kavu. Manasseh yeye alimuuliza mzee anapanda milima ipi, anabeba katoni ngapi, na kama mama bado anashuka kusukuma gari kwenye tope. Kisha akaiwasha ile ya turbo juu ya magogo. Ikapiga mluzi mwembamba, na Mzee Ongeri akacheka mpaka kofia ikamwanguka. Kwisha habari yangu.

Sasa, kuna jambo nililolijua na Manasseh hakulijua, maana kabla ya gereji nilifanya kazi na wajenzi wa barabara. Turbo huzunguka kwa kasi ya ajabu na kinachoilinda ni oili tu. Ukitoka kupanda mlima, sharti uiache injini ingurume taratibu dakika mbili tatu kabla ya kuizima, la sivyo oili inasimama na beringi zinaungua. Na madereva wetu wa milimani walikuwa na mtindo wao: wakifika kileleni wanazima injini na kuliacha gari liteleze lenyewe mpaka bondeni, mafuta yasiliwe bure. Nilikuwa nimesafiri na Mzee Ongeri mara nyingi. Hakuna aliyezima kwa moyo kumzidi.

Siku aliyokuja kuchukua gari, Manasseh alikuwa chini ya lori, upande wa pili. Mzee alinikuta getini, akaniuliza kama injini hii mpya ina jambo la kuangaliwa. Sentensi moja ingetosha. Nikamwambia, "Muulize fundi wako."

Hakumuuliza. Alikuwa na haraka ya kuwahi soko la Ikonge.

Wiki ya tano gari lilirudi likivutwa na trekta, linanuka oili iliyoungua. Mzee na mkewe walikuwa wamekaa siku tatu kando ya barabara, mvua ikiwanyeshea, na Drusilla alikuwa anakohoa vibaya. Manasseh akaifungua turbo, akakuta beringi nyeusi tii. Alimwambia Bwana Haresh kwamba kosa ni lake, hakuuliza gari linaendeshwaje. Bwana Haresh hakubishana naye. Alinipa ufunguo, akaingia ofisini.

Hapo Mzee Ongeri akanigeukia. "Fundi, mimi na wewe tumeteleza kutoka Ikonge mara ngapi? Na si nilikuuliza pale getini?"

Manasseh alikuwa amesimama hapo hapo na alisikia yote. Nilingoja alipuke. Nilitamani alipuke, ili angalau mara moja nimwone ana ubaya kama wangu. Yeye akafuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja.

"Mwalimu, ungeniambia tu," akasema. "Hiyo kazi ningekuachia."

Nilimwamini pale pale, ufunguo ukiwa mkononi mwangu, na bado nikamwonea wivu.