Simu Yangu ya Muziki Ilivyomsalimia Mama Mkwe

Ndugu zangu, nimechoka, acheni niseme. Simu yangu ni ya zamani, ya kioo kipana, imetengenezwa kwa ajili ya muziki. Hapa kijijini Mkiwa inasikika hadi barabarani.

Juzi tukipiga alizeti kwa fimbo na majirani, mama mkwe akiwemo, niliweka kwaya, nikajilaza pembeni. Nikasahau kwamba nyimbo zikiisha, simu hii hucheza chochote nilichorekodi mwenyewe.

“Shikamoo, mama,” ikasema sauti yangu.

“Marahaba, baba,” akaitikia mama mkwe, fimbo mkononi.

“Mama, una miezi mitatu hapa, tumechoka. Kwako unarudi lini?”

Fimbo zote zikatulia. Nikafumba macho, nikajifanya nimelala, huku nikikumbuka kwamba mazoezi yale ya kumwambia niliyarekodi mara tatu, na simu bado ilikuwa inacheza.