Nilishinda Kesi, Nikakosa pa Kulala

Ficheni jina langu na kijiji changu, maana wahusika wangali hai. Nina miaka sitini na nane, mwalimu mstaafu wa huku Mbulu. Mlionizidi umri, shikamooni.

Enzi za mashamba ya ngano ya serikali kule Hanang, mume wangu alikuwa dereva wa kombaini. Alinipiga miaka minne, na msimu mmoja wa mavuno akanivunja mkono kwa spana. Kaka yangu, aliyekaa kijiji cha Daudi, ndiye aliyenipeleka polisi. Nilipoogopa kutoa ushahidi aliniambia, "Sema ukweli, dada. Nyumba yangu ni yako." Nikasema. Mume akafungwa mwaka mmoja.

Sasa niwaeleze jambo ambalo hakimu hakuniuliza. Nyumba tuliyokaa ilikuwa ya shamba. Wiki iliyofuata ofisa alikuja na kufuli. "Mama, nyumba ni ya mfanyakazi. Mfanyakazi yuko gerezani." Nikachukua watoto wangu wawili hadi Daudi, mkono bado umefungwa.

Uani kwa kaka nilikuta ng'ombe mtamba amefungwa kambani. Nilimjua. Mama yake nilikuwa nikimkamua mwenyewe kwa wakwe zangu. Wifi alinikaribisha chai bila kunitazama. Kaka akasema, "Wakwe zako walikuja, tumeyamaliza. Kesho nitakusindikiza ukawaombe radhi."

"Radhi ya nini? Ulisema nyumba yako ni yangu."

"Nilisema hivyo ili ushinde kesi, dada. Si umeshinda?"

Nilirudi ukweni. Mume alipotoka nilipigwa miaka mingine mitatu, hadi nilipopata nafasi chuo cha ualimu.

Jana alinijia mjukuu wa kaka huyo huyo. Ana mtoto mchanga, na mumewe amemng'oa meno mawili. Alhamisi anatakiwa mahakamani. Akaniuliza, "Bibi, nikisema yote, nitakuja kukaa kwako?"

Mimi naishi kwa mwanangu, naye ameshanionya: "Mama, usituletee mtu wa kesi hapa." Nyumba ya hifadhi ya wanawake, kama ipo karibu nasi, siijui. Hukumu anaihitaji, lakini jioni ya siku hiyo hiyo atahitaji kitanda, unga na mlango unaofungwa kwa ndani.

Nikimwambia "njoo," nitakuwa nimempa ahadi isiyo na nyumba, kama niliyopewa mimi. Nikimwambia nilivyotendwa, hatakwenda mahakamani. Nilimwomba siku mbili, na zinaisha kesho. Nishaurini, wanangu, nimjibu nini?