Samaki Aliyekula Bukari na Mama Yangu

Samaki wangu alikuwa mmoja tu, mwekundu, mwenye mkia mrefu na tabia ya kunitazama kama mkaguzi. Tangi lake la kioo lilikaa sebuleni, mahali ambapo nyumba nyingine za Kolwezi huweka televisheni, na sheria ilikuwa moja: mkono wa kuligusa ni wangu peke yangu. Watoto waliijua. Mke wangu aliijua na kuicheka. Mama, aliyekuja kutoka Musumba kukaa nasi baada ya magoti kumkatalia shamba, aliposikia sheria hiyo aliitikia kwa kichwa, na mimi mjinga nikadhani amekubali.

Asubuhi moja nikamwona samaki ana kitu cheupe mdomoni. Sikutishika, nilikasirika. Kitu chenyewe nilikitambua mara moja. Ni bukari, huo ambao wengine huuita ugali. Nikawapanga watoto mbele ya tangi kabla hawajaenda shule.

"Nani anapatia samaki yangu bukari?"

Wakatazamana. Mama akatoka jikoni, mwiko mkononi.

"Ni mi, tata. Achana na batoto." Huniita tata, yaani baba, kwa sababu nilipewa jina la baba yake. "Anaikala mu nyumba yetu, atakosaje kula bukari? Ile maganda yako ya mu kopo, iko chakula ile?"

Nilicheka, hasira zikaniishia, nikaenda zangu kazini, kwenye ofisi ya malori ninakoandika mizigo. Nilijua bukari utadondoka wenyewe.

Haukudondoka. Kesho yake ulikuwa umeongezeka, umeota manyoya kama pamba, na midomo chini yake imeanza kulika. Samaki alining'inia kwenye kona karibu na uso wa maji, anahema, hataki chochote. Nikamwita rafiki yangu daktari wa mifugo, ambaye siku nyingi hushughulika na mbwa na nguruwe. Alicheka kwanza. Kisha akainama kwenye kioo, na hakucheka tena.

"Hii haiko bukari, ni mikrobe, bidudu bidogo," akasema. "Bukari iko pale chini, mu mawe. Inaoza, inachafula maji, na maji ya buchafu njo inaleta hii bugonjwa ya kinywa."

Tukafukua mawe ya chini ya tangi. Kweli, madonge ya bukari wa wiki nyingi yalikuwa yamegeuka kijivu, yananuka kama kinywaji cha munkoyo kilichosahauliwa mtungini. Mama alikuwa amesimama nyuma yetu, na alisikia yote.

Jioni nilimkuta chumbani anafunga nguo zake ndani ya kitenge chake cha buluu. Lori la kwenda Kapanga, upande wa kwao Musumba, lilikuwa linapakia sokoni, ameshaulizia nafasi.

"Mi naharibu bintu ya batu," akasema. "Narudia kwetu."

"Mama, ni samaki tu."

"Ni wako." Akakaza fundo. "Lakini siachi mugonjwa. Akipona, naenda. Akikufa, naenda pia."

Basi nikawa mtu wa ajabu: namtibu samaki kwa bidii zote, huku naomba asipone haraka.

Tulimhamishia kwenye ndoo nyeupe yenye maji yaliyolala usiku kucha ili klorini ya maji ya bomba itoke, chumvi kidogo, pampu ndogo ya hewa, na dawa ya unga ambayo daktari aliipima mwenyewe kulingana na ndoo, akanikataza kuongeza hata punje. Maji yabadilishwe kila adhuhuri na dawa iwekwe upya. Chakula asipewe mpaka akitafute. Mimi hula mkate ofisini saa hiyo, lakini sasa nililazimika kurudi nyumbani, na Mama alinisimamia kana kwamba nitamwaga mgonjwa pamoja na maji.

Umeme ulipokatika na pampu kunyamaza, alisogeza kigoda karibu na ndoo, akawa anachota maji kwa kikombe na kuyamwaga kutoka juu, polepole, vile alivyokuwa akitupozea chai tulipokuwa wadogo. Hivyo hewa iliingia. Tukimaliza tulinawa sana, tukala bukari na sombe, mboga ya majani ya muhogo, kwenye sahani moja, na fundo la kitenge likatutazama kutoka mlango wa chumba chake.

Siku moja umeme ulikatika nikiwepo, nikamuuliza.

"Mama, juu ya nini ulikuwa unamupatia bukari? Kweli kweli."

Hakuacha kumwaga maji. "Munatoka bote asubuyi. Saa ya kula inafika, mi nakata bukari, hakuna mutu. Basi nakata yangu, nakata na yake. Anakuya pa kioo, anafungula kinywa. Nilikuwa nakula na yeye."

Mama huyu, ambaye kule Musumba hakufunika chungu kabla mpita njia hajala, nilimleta mjini nikampa chumba, kitanda na feni, na mtu wa kula naye akajitafutia mwenyewe. Nilimpenda saa ile kuliko ninavyoweza kuandika. Sikumwambia. Nilisema sombe ya leo inanukia vizuri.

Pamba ikapungua, ikakatika vipande, midomo ikaonekana, imepinda kidogo upande mmoja kama ya mtu anayetaka kupiga mluzi. Siku samaki alipopanda juu na kunyakua punje ya chakula chake cha kopo, Mama alipiga kigelegele, majirani wakaja kuuliza nani anaolewa. Tukamrudisha kwenye tangi lililosuguliwa likang'aa. Nilifurahi, na palepale nikaogopa, maana lori jingine lilikuwa linapakia.

Kesho yake hapakuwa na ndoo wala dawa. Saa ya mapumziko nikapanda pikipiki nikaja nyumbani vilevile, na njia nzima niliona mbele ya macho yangu lile fundo la kitenge limewekwa mlango wa nje, tayari kwa safari.

Mlangoni hapakuwa na kitu. Mama alikuwa jikoni, anasonga.

"Samaki alishapona," akasema bila kugeuka. "Unakuya kufanya nini?"

"Nakuya kula, mama."

Mwiko ukaendelea kuzunguka. Kitenge cha buluu kilikuwa kiunoni mwake, mikunjo ya fundo bado inaonekana.

"Basi nawa mikono," akasema, kisha akaelekeza kidevu sebuleni. "Na ule samaki, usimupatie."