Nililazimisha Uvimbe Wangu Uandikwe Kuwa Mzuri

Kosa ni langu, na simsingizii shetani. Shetani wa watu hata hakuwa hospitalini siku hiyo. Nilikuwa mimi, mdomo wangu na mtoto mgongoni. Jina langu liacheni, maana mume wangu ni mtu wa kanisa.

Nilikuwa na kidude begani, hapa mkanda wa sidiria unapopita. Cheusi, kama harage. Kilikuwa kimenyamaza tangu nikiwa sekondari, lakini nilipozaa kikaanza kukua. Kila nikimfunga mtoto mgongoni, leso inakikwaruza, kinatoa damu. Mume wangu akasema, "Enda kiangaliwe, bima ya kazini italipa." Nikaenda kliniki moja ya watu binafsi Nyeri mjini.

Kukatwa kwenyewe hakukuwa na maneno. Sindano ya ganzi, daktari mwanamke mpole, nyuzi kidogo, kwisha. Akanipa chupa ya plastiki yenye mfuniko mpana. Ndani kulikuwa na maji yenye harufu ya kuchoma pua, na harage langu linaelea.

"Peleka maabara, ile iko juu ya duka la viatu," akaniambia. "Wakikujibu, niletee majibu."

Nikafika kaunta ya bili. Hapo ndipo nilipojiharibia!

Kijana wa kaunta alibonyeza kompyuta, akabonyeza tena, akasema, "Mama, bili yako haitafungwa leo. Tunangoja maabara."

"Mnangoja nini na kimeshatolewa?"

Akanieleza polepole. Kila upasuaji una namba yake ya kudai malipo ya bima, wao huiita code. Uvimbe usio na madhara una namba yake. Wa saratani una namba nyingine, na malipo yake yako juu. Kwa macho huwezi kujua ni upi, ni maabara inayojua. Kwa hivyo hawezi kuchagua namba kabla ya jibu.

Jambo rahisi hivyo! Mtoto wa darasa la nne angeelewa. Lakini mimi nilisikia neno moja tu: juu.

"Ahaa! Mnatafuta namba ya bei kubwa muibie bima ya bwanangu!"

"Si hivyo, madam..."

"Usiniite madam! Mimi ni mkulima wa kahawa, huu mchezo naujua! Unapeleka kahawa nyekundu, safi, unaambiwa ngoja gredi. Gredi ikirudi, ati ni mbuni, ile ya kutupa! Leo mnataka kunipangia gredi ya bega?"

Lo! Kumbe foleni nzima ilikuwa ya watu wa kahawa. Mzee mmoja kutoka upande wa Gakindu akagonga mkongojo sakafuni. "Mwambie, mama! Ngoja, ngoja, hiyo ngoja ndiyo imetumaliza!" Mama mwingine akaongeza, "Wewe kijana, andika vile mwenye bega anasema!"

Hapo nikapandisha mabega yote mawili, hata lile lenye nyuzi. "Weka namba ya uvimbe mzuri! Mwili ni wangu, naujua!"

Kijana alikuwa anatoa jasho. Akaandika.

"Umeandika?"

"Nimeandika, mama."

"Geuza hiyo kompyuta nione!"

Akageuza. Watu wakapiga makofi. Nilitoka pale natembea kama mtu aliyechaguliwa bungeni!

Na chupa je? Nilipita chini ya ile maabara nayo kwenye mkoba, sikupanda hata ngazi moja. Nipande kufanya nini? Bili imefungwa! Nilifika nyumbani nikaiweka kwenye rafu ya jikoni, nikaisahau.

Wa kwanza kupiga simu walikuwa watu wa bima. Ati namba ile haikubaliki bila ripoti ya maabara. Nikawatukana. Halafu akapiga daktari mwenyewe.

"Mama, nimengoja majibu yako mpaka nimechoka. Nani alisema uandikwe kwamba si saratani?"

"Ni mimi."

"Wewe ni daktari wa wapi?"

Nikahamisha simu sikio la pili.

"Sasa nisikize. Kile kitu sikukipenda. Kilikuwa na rangi mbili na kingo zake hazikuwa sawa. Nataka kijulikane ni nini. Peleka hiyo chupa leo."

Nikaweka simu chini. Mtoto alikuwa sakafuni anatafuna kiatu chake, anacheka peke yake. Nikajiambia, nikifa, huyu ataachiwa nani? Nikakimbilia rafu. Chupa hakuna!

Nikatoka nje. Mama mkwe wangu, shosho ya mtoto, amekaa kwa jua na chupa yangu mkononi, ananusa tumbaku aliyoitia humo.

"Shosho! Hiyo chupa!"

"Iko sawa sana hii. Mdomo yake ni kubwa, kidole inaingia vizuri."

"Ilikuwa na kitu ndani!"

"Kale kanyama? Nilimwaga kwa choo. Nilifikiri ni dawa ya ng'ombe imeharibika." Akapiga chafya tatu mfululizo, machozi yakamtoka. "Lakini hii tumbaku ya siku hizi ni kali, ati!"

Mume wangu aliporudi kutoka kazini alinikuta chooni na tochi na reki.

"Mama mtoto, unatafuta nini humo?"

"Bega langu!" nikamwambia, nikaangua kilio.

Ikabidi nikatwe tena, palepale, kwa upana zaidi, kutafuta kama kuna kitu kilibaki. Mara ya kwanza walitoa harage, sasa nina kovu la urefu wa ndizi. Bima haikugusa mambo yangu tena. Mtoto sikumbeba mgongoni mpaka akasahau mgongo wangu, akawa wa shosho.

Chupa ya pili niliipeleka maabara nimeikumbatia kwa mikono miwili, mume wangu ananifuata nyuma kama askari wa chuo cha polisi cha Kiganjo. Siku za kungoja jibu sikugombana na mtu hata mmoja. Majirani walikuja kuuliza kama niko mgonjwa.

Jibu likarudi: nyama hii haina ubaya. Niliruka! Daktari hakuruka.

"Hiki kipande ni kizuri," akasema. "Kile cha kwanza hatutakijua milele. Utakuwa unakuja nikuangalie ngozi, na usikose."

Nikashuka kaunta kumwomba yule kijana msamaha. Alinitazama kama mtu anayetazama mbwa aliyewahi kumuuma.

"Sasa umeniandika namba gani?" nikamuuliza, kwa sauti ndogo.

"Ya uvimbe usiojulikana, mama. Hata huo uko na namba yake."

"Sawa," nikasema. "Iache hivyo."

Kwa hivyo mimi ni mtu asiyejulikana. Kila nikioga najikagua mbele ya kioo, na kila kipele kinanifanya nimwangalie mtoto wangu na nimwombe Mungu anipe muda. Hasira yangu ilishinda kaunta nzima, na ushindi huo ndio ulioninyima jibu.

Wewe dada unayesoma hii, na kachupa kako kamo ndani ya mkoba, unasema utakapeleka Jumatatu. Ndiyo, ni wewe ninayekuambia! Kama una ugomvi na mtu wa bili, mrudie baadaye, hahami. Inuka sasa hivi ukapeleke!