Kifundo cha Mkono wa Wafula

Siku yangu ya kwanza kazini, katika hospitali moja ya Thika, mkuu wa fiziotherapia alinifunga rula kwenye mkono wa kulia kwa bandeji, kutoka kiganjani hadi karibu na kiwiko.

"Kaa nayo mpaka saa ya lunch, Njeri."

Nilishindwa kufunga vifungo vya koti. Chai ilinimwagikia. Kufungua mlango wa choo ilikuwa vita. Aliponifungua alikuwa akicheka. "Mgonjwa akikuambia kifundo kimekaza, usimwambie ni kitu kidogo."

Kifundo cha mkono kina mifupa midogo minane, safu mbili zilizobanana kama kokoto. Ligamenti, nyuzi ngumu, huishikilia isitawanyike. Juu yake hupita kano, kamba zinazovuta vidole. Chezesha vidole vyako, utaziona zikisogea chini ya ngozi.

Baadaye niliajiriwa kwenye kliniki ya kiwanda kimoja, Eneo la Viwanda la hapo hapo Thika. Hapo ndipo nilipompata Wafula, kijana wa Bungoma aliyepakia katoni kwenye malori. Aliteleza, akajizuia kwa kiganja. Eksirei haikuonyesha kitu, na meneja akataka arudi kazini. Mimi nikabonyeza kishimo kilicho chini ya dole gumba.

"Woi, mama yangu!" Wafula akaruka.

Hapo kuna mfupa unaoitwa skafoidi. Damu huuingia hasa kutoka upande mmoja, kwa hivyo ukivunjika na kupuuzwa, kipande cha pili kinaweza kufa. Na ufa wake wakati mwingine hujificha kwenye picha ya kwanza.

"Madam, picha iko sawa," meneja alisema. "Unaona nini mashine haioni?"

"Sioni. Nashuku tu. Nipe wiki mbili apigwe nyingine."

Alikuna kichwa, akamweka Wafula getini kuongoza magari, mkono ukiwa kwenye plasta. Picha ya pili ilionyesha ufa mwembamba kama unywele. Meneja mwenyewe ndiye aliyeniletea habari, amechangamka kana kwamba ameugundua yeye.

Plasta ilikaa miezi. Ilipotolewa, mkono ulikuwa umekonda na kukaza, na Wafula akaogopa. Mkewe, Nekesa, alikuwa karibu kujifungua.

"Madam, nitambebaje mtoto?"

Tukaanza pole pole: kukunja, kunyoosha, kugeuza kiganja juu kama anayepokea njugu. Nyumbani kwao, mtaa wa Kiandutu, Nekesa akamwachia mwiko. Majirani walicheka, yeye akasonga ugali.

Siku moja aliingia kliniki bila miadi, amembeba binti yake. Kichwa cha mtoto kilikuwa kimelala kwenye kile kiganja.

"Angalia, Madam. Mkono umembeba."

Nilijifanya natafuta faili.

Sasa nimestaafu, niko Ruiru. Kwa nyinyi mnaoanza kazi hii, mashine zimekuwa nzuri sana, zitumieni. Lakini mgonjwa mguseni pia. Mimi hata kanisani siwezi kujizuia. Nikimshika mtu mkono, vidole vyangu vinapanda vyenyewe hadi kwenye kifundo. Wajukuu wananicheka.

"Shosho, unamsalimu ama unampima?"

Nawaambia vyote viwili.