Nilifunga kalanga mu kitabu ya gare

Kosa iko yangu, musitafute mwingine. Lakini siku ile hasira iliponipanda, nilizani mwenye kosa ni yule monsieur wa biro ya viwanja.

Alisimama ku gare yetu ndogo ya zamani, kituo ya treni, mutoto wangu analia mu mugongo, yeye anatafuna kalanga na kuniambia mara ya tatu: « Mama, hii nyumba haina historia. Hakuna karatasi. Itavunjwa, tujenge depo ya sima ya kujengea. »

Haina historia! Nkambo, babu yangu, alikuwa chef wa gare pale, alipiga kengele ya treni mpaka masikio ikakufa!

Nilimunyanganya kalanga, nikatupa chini. « Unakulia kalanga ku gare ya nkambo na unaitukana? »

Karatasi yenye ilifunga kalanga ikafunguka. Mwandiko wa nkambo! « Treni ya Sakania, imechelewa, ngombe mu reli. »

Yo, mama yangu! Kalanga ile nilimuuzia mimi mwenyewe asubuhi.

Mbele ya kufa, nkambo aliniachia kitabu kubwa alimoandika treni zote. « Linda hii. Ndiyo gare yenyewe. » Mimi, na diplome d'État yangu ya sekondari ku ukuta, nilielewa nini? Makaratasi nguvu, haipitishe chumvi! Nilikuwa ninakata moja moja, ninakunja kama pembe, ninajaza kalanga. Bakiliya bakinunua banasema: « Mama, paketi yako haipasuke! » Na kichwa yangu inavimba! Mwaka muzima quartier, mutaa wetu wote, ilikula historia yake, ikatupa ganda mu mufereji.

Monsieur aliokota karatasi, akaipangusa ku suruali. « Mama, uko na zingine? » Aliuliza pole pole. Afazali angenitukana.

Nilikimbia ku nyumba yangu. Ilibaki jalada na karatasi tisa. Tisa!

« Haitoshi, monsieur akasema nilipomuletea. Lakini peleka plainte, mashitaka, ku chef de quartier. Plainte ikiwa mezani, hakuna mwenye atavunja. Ila tu, lazima useme nani aliharibu kitabu. »

Bamama wenzangu, mbele ya kufunga kitu mu karatasi ya wazee, someni kwanza, pande zote mbili! Musijivunie diplome kama mimi mupumbafu. Na mwenye alinunua kalanga ku gare yetu, apekue mifuko na chini ya kitanda. Hata kipande yenye mafuta, nitapokea na mikono mbili.

Nilienda ku biro ya chef de quartier, akakamata biki ya kuandika. « Mushitaki? »

« Mimi. »

« Mushitakiwa? »

« Mimi. »

Akavua miwani. « Mama, umekunywa? »

« Andika, chef! »

Aliandika, akapiga muhuri: « Muuzaji wa kalanga anamushitaki muuzaji wa kalanga, kwa kuharibu kitabu ya gare. Anaomba nyumba isivunjwe mpaka bakiliya barudishe makaratasi. Ushahidi: karatasi kumi. Moja iko na chumvi. »