Pamba ya Yaya Feza

Mtu akiniambia tena kwamba bei ya pamba imeanguka "kule Ulaya", nitamtukana kwanza, halafu ndipo nitamwamkia. Imeanguka! Kwani bei ni embe? Nani alitikisa mti? Miaka imepita, lakini moto wangu haujazimika, na sababu ni yaya yangu, yaani dada yangu mkubwa, Feza binti Amisi.

Yaya alikuwa fundi. Alifiwa na mume mjini Kasongo, akaja kukaa kwangu, kijijini kwenye njia ya Wamaza, na mdomo wake mkali haukubaki nyuma. Alishona kanzu kwa mkono, siku nane kanzu moja, na macho yalianza kumchoka. Siku moja, dukani kwa Mreno mmoja pale Kasongo, aliruhusiwa kuzungusha cherehani ya mkono. Akashona mkunjo mzima kabla sijamaliza kupiga chafya. Basi! Kuanzia hapo tulilala na cherehani, tukaamka na cherehani.

"Musafiri," aliniambia, "nikiipata ile mashine, mimi na shamba tumeachana. Talaka tatu."

Na shamba lenyewe halikuwa hiari. Serikali ilipima kipande kwa jina langu, ikasema panda pamba, usipopanda fimbo ipo. Nusu nililima mimi kwa ajili ya kodi, nusu alilima yeye. Tulihesabu kwa vikapu. Kwa bei ya mwaka 1929, cherehani ilikuwa vikapu vitatu. Mwaka uliofuata yaya alivuna vikapu vitatu, vimejaa, vyeupe, hakuna jani wala uchafu. Alivibeba sokoni akiimba.

Sokoni palikuwa na mzani, Mzungu wa kampuni na karani wake, Emile. Emile akasimama juu ya sanduku, akatangaza: mwaka huu bei ni nusu.

"Nusu kwa nini?" yaya akamuuliza. "Pamba yangu imekuwa nyeupe nusu?"

"Mama, si mimi. Iko mambo ya Amerika. Benki zimefunga, watu wa kule wamepoteza mali yao, viwanda vya Ulaya havinunui tena."

"Hao watu wa Amerika nimewakosea nini? Walipokuwa wanapata faida, mbona hawakuniita tule pamoja?"

Watu wakapiga kelele, "Sema, mama!" Emile akatazama chini. Mzungu alikuwa anakunywa chai yake. Hata kichwa hakuinua, mshenzi yule.

Sasa sikieni ujinga wangu, maana sitauficha. Sisi watu wa Kasongo ni watu wa mpunga. Wakati wa mavuno wachuuzi wanakuja na bei ya matusi, nasi hatuuzi. Mpunga tunaupandisha uchagani, juu ya meko, moshi unafukuza wadudu, na miezi ya njaa ikifika wachuuzi wale wale wanarudi na adabu. Baba alifanya hivyo, na babu kabla yake. Nikamvuta yaya pembeni.

"Usiuze. Pandisha juu, ngoja. Subira huvuta heri."

Akanitazama. "Mpunga, watu wanaula. Pamba nani ataililia njaa?"

Nikacheka. Nikamwambia mwanamke hajui biashara. Mungu anisamehe, ndivyo nilivyosema, kwa mdomo huu huu.

Pamba yangu niliuza, maana kodi haingoji. Yaya akakubali shingo upande, na ya kwake tuliirudisha kwa njia ya porini, kwa sababu kuficha pamba ilikuwa kosa la kufungwa. Tukaipandisha uchagani. Mwaka mzima yaya alipika chini yake, na mimi nilikuwa napanda kuitazama na kujisifu kwamba hakuna mdudu hata mmoja.

Soko la mwaka uliofuata, bei ilikuwa imeshuka tena, na pamba mpya ya shamba lote ikaliwa na kodi. Emile akaingiza mkono kikapuni, akatoa pamba ya rangi ya meno ya mvuta tumbaku. Akainusa.

"Mama, hii pamba ao samaki?"

Soko zima likacheka. Nilitaka kumpiga ngumi, wallahi, lakini askari alikuwa karibu. Mzungu akasema daraja la pili. Vikapu vitatu vikaleta pesa ambayo zamani kikapu kimoja kingeizidi. Yaya hakulia. Alifunga zile faranga kwenye pindo la kitenge.

"Twende Kasongo," akasema. "Nitamwomba Mreno apunguze. Labda shida imemfikia na yeye."

Tulitembea siku mbili. Kweli shida ilikuwa imemfikia. Rafu za duka zilikuwa wazi, na mahali pa cherehani palikuwa na gunia la chumvi.

"Feza!" Mreno akasema. "Ulikuwa wapi? Mwaka jana, baada ya soko la pamba, wale wanaonipa mali kutoka Ulaya walitaka pesa yao upesi. Niliuza kila kitu kwa nusu. Mashine yako nilikuwekea mwezi mzima. Hukuja. Karani Emile akamnunulia mke wake."

"Kwa nusu?" yaya akauliza.

"Kwa nusu."

Akaanza kuhesabu kwa vidole, polepole. Pamba ilikuwa nusu, cherehani ilikuwa nusu. Vikapu vitatu vile vile. Kama angeviuza siku ile sokoni, angetoka Kasongo na mashine kichwani. Nami nilihesabu, nikafika pale pale alipofika yeye, na nikatamani ardhi inimeze. Ulaya ilimwibia nusu, sawa, na iende jehanamu. Lakini nusu iliyobaki nilimwibia mimi, ndugu yake.

"Yaya…"

"Nyamaza."

Akafungua pindo, akaweka faranga zote mezani, akanunua jembe jipya. Nilidhani ni lake. Akanitupia mikononi.

"Beba. Kuanzia leo shamba lote unalima wewe."

Nikalibeba mpaka nyumbani, siku mbili.